Bukoba: Hofu Inayobadili Chombo

Anayetoka Bukoba kwenda Mwanza hana budi aamue kwanza afanye nini na ziwa: alivuke kwa meli usiku kucha, alipite juu kwa ndege kwa muda usiofika saa moja, au alizunguke kwa basi. Ziwa Viktoria ndilo kubwa kuliko yote Afrika, na kwa mji uliojengwa ukingoni mwake upande wa magharibi, ndilo limekuwa likipanga ratiba, nauli na wasiwasi wa wasafiri. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa mkoa huu wa Kagera wamehama kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Mara mbili, ndani ya muda usiozidi umri wa mtu mzima mmoja, chombo walichokuwa wamekizoea kimewaangusha: meli mwaka 1996, ndege mwaka 2022.

Hofu ya kupanda ndege husimuliwa kama tatizo la mtu mmoja anayetokwa jasho kwenye kiti chake huku wenzake wakisinzia. Bukoba inasimulia habari pana zaidi. Hapa hofu ya safari imekuwa ya mji mzima, ina tarehe zake, na ina mambo ya msingi ya kudai.

Kabla ya meli za chuma, watu wa magharibi mwa ziwa walisafiri kwa mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, wakiambaa na ufuo na kungoja upepo utulie. Kituo cha Wajerumani kilichokuja kuwa mji wa Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Miaka kumi na moja baadaye, Desemba 1901, reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mahali panapoitwa leo Kisumu, na tangu hapo ziwa likawa sehemu ya reli. Meli zililetwa kutoka Uingereza zikiwa vipande vipande, zikasafirishwa bara, zikaungwa upya Kisumu na kushushwa majini: William Mackinnon mwaka 1900, kisha Winifred, Sybil na Clement Hill. Kahawa ya Wahaya ilipita njia hiyo hiyo kwa kinyume chake, kutoka gati la Bukoba hadi Kisumu, halafu kwa treni hadi baharini. Hata vita vilikuja kwa meli. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakaushambulia mji na kuharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani.

Usafiri wa anga nao ulifika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tarehe 28 Februari 1931, kampuni ya Imperial Airways ilianzisha huduma ya kila wiki kati ya London na Mwanza. Ndiyo, Mwanza. Cape Town ilifikiwa mwaka uliofuata, lakini kwa miezi hiyo ya kwanza mji wa Wasukuma ulio kusini mwa ziwa ndio uliokuwa mwisho wa njia ya anga iliyoanzia Uingereza. Ilikuwa safari ya kuungaunga, sehemu angani, sehemu kwenye treni, na kusini mwa Khartoum kwa ndege zinazotua majini. Ziwa lenyewe likawa kiwanja.

Katika miaka hiyo kupanda ndege kulitisha kweli, na kampuni zilijua hivyo. Mei 1930 kampuni ya Marekani ya Boeing Air Transport ilimwajiri Ellen Church kuwa mhudumu wa kwanza wa kike ndani ya ndege. Church alikuwa muuguzi, na hoja aliyoipeleka kwa mwajiri ilikuwa kwamba abiria wenye hofu watatulia wakimwona muuguzi miongoni mwao. Wenzake saba walioajiriwa naye walikuwa wauguzi pia. Kazi ya uhudumu wa ndege kwa wanawake ilianza, kwa sehemu kubwa, kama dawa ya hofu.

Ng'ambo ya ziwa, Entebbe nayo iliingia katika historia hiyo. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg ikifungua safari za kwanza duniani za abiria kwa ndege ya injini za jeti, na Entebbe ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Kwa miezi kadhaa Comet ilikuwa fahari ya dunia. Mwaka 1954 ndege mbili za aina hiyo zilivunjika angani juu ya bahari ya Mediterania, moja Januari na nyingine Aprili, na wote waliokuwamo wakafa. Mafundi wa Farnborough, Uingereza, walichukua bodi nzima ya Comet, wakaizamisha kwenye tangi la maji, wakaijaza na kuipunguza shinikizo mara maelfu mpaka ikapasuka. Uchovu wa chuma ulikuwa umeanzia kwenye pembe za matundu yaliyokatwa kwenye bodi, penye mkazo mkubwa. Ndege zilizofuata zilijengwa kwa somo hilo. Waliogoma kupanda Comet katika miezi ile walikuwa wameona hatari kabla ya wataalamu kuielewa, ingawa wasingeweza kueleza iko wapi.

Kwa mkazi wa kawaida wa Bukoba mambo hayo yote yalikuwa mbali na mfuko wake. Yeye alikuwa na meli. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuja meli iliyobeba kumbukumbu za ukoo kwa ukoo, Victoria, iliyotengenezwa Scotland katika karakana ya Yarrow, ikaletwa vipande na kuungwa Kisumu. Ilipakia abiria 1,200. Ilikuwa ikiondoka jioni na kufika alfajiri, na wanafunzi waliokwenda shule za bweni, wafanyabiashara wa ndizi na kahawa, mabibi harusi na maiti waliorudishwa kuzikwa nyumbani, wote walipita humo. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Tanzania iliongeza meli zake yenyewe. Mwaka 1979 ikapatikana MV Bukoba.

Asubuhi ya Mei 21, 1996, MV Bukoba ilikuwa imekaribia Mwanza. Ilitoka Bukoba jioni iliyotangulia, ikapitia bandari ya Kemondo, na ikabeba abiria kupita kiasi pamoja na shehena ya ndizi. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya madaraja ya juu peke yake ilikuwa na majina 443, na waliokuwa daraja la tatu hawakuandikwa mahali popote. Meli ililala ubavu, kisha ikapinduka.

Lakini haikuzama mara moja. Ilielea kwa saa kadhaa tumbo likiwa juu, na waliofika karibu walisikia watu wakigonga chuma kutoka ndani. Waokoaji hawakuwa na vifaa wala utaalamu wa kazi ya namna ile. Walipotoboa tumbo la meli ili wawatoe waliokuwa hai, hewa iliyokuwa imeishikilia juu ilitoka, na meli ikaenda chini na waliokuwamo. Rais Benjamin Mkapa, aliyekuwa na miezi sita tu madarakani, alitangaza siku tatu za maombolezo. Wengi walizikwa pamoja katika makaburi ya Igoma, Mwanza. Idadi inayotajwa mara nyingi inazidi 800, lakini hesabu hazijawahi kukubaliana, kwa kuwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa wakati wa kupanda hawezi kuhesabiwa kwa uhakika wakati wa kufa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kisa cha MV Bukoba kina upepo na maji, lakini zaidi kina orodha isiyokuwapo, mzigo usiopimwa na waokoaji wasiokuwa na zana. Mama wa Muleba aliyeapa baada ya siku ile kwamba hatakanyaga tena melini hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa amesoma mazingira yake sawasawa.

Sasa apite wapi? Mwaka 1996 kulizunguka ziwa kwa gari kulikuwa na mashaka yake. Barabara za Kagera na Biharamulo zilikuwa za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na katika mapori majambazi waliteka magari kiasi kwamba mabasi yalisindikizwa na polisi wenye silaha. Kati ya Kigongo na Busisi ziwa linaingia nchi kavu kwa ghuba ndefu, na basi lililofika hapo lilisubiri zamu yake ya kuvushwa kwa kivuko, pengine kwa saa nyingi. Wapo waliochagua njia ya ajabu zaidi: walitoka Bukoba hadi Mutukula, wakaingia Uganda, wakapita Kampala, wakaingia Kenya, wakapita Nairobi, wakarudi Tanzania kwa mlango wa Namanga ili wafike Arusha na Dar es Salaam. Mipaka mitatu, kwa safari inayoanza na kuishia ndani ya nchi moja.

Ndege ikaanza kuonekana kama ukombozi. Uwanja wa Bukoba uko mjini kabisa, ukingoni mwa ziwa, na ndege za mapanga kama ATR hutua hapo zikipita chini juu ya maji. Kadiri mashirika ya ndani yalivyoongezeka na nauli kufikiwa na walimu, wafanyabiashara na watumishi wa serikali, angani pakawa njia ya kulikwepa ziwa. Meli ya Victoria nayo ilikuwa imechakaa, ikasimama kwa miaka kadhaa, na waliokuwa wakitegemea kulala melini na kuamka Mwanza wakabaki na basi au ndege.

Jumapili ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air, safari namba 494 kutoka Dar es Salaam, ilikaribia Bukoba katika mvua na hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Haikufika kwenye njia ya kurukia. Iliingia ziwani karibu na uwanja, mkia wake ukabaki juu ya maji, machoni pa mji mzima. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisimulia jinsi alivyotumia kasia katika jitihada za kufungua mlango wa nyuma; baadaye Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Watu 24 walitoka hai. Kumi na tisa walikufa, marubani wote wawili wakiwemo. Kesho yake miili iliagwa katika uwanja wa michezo wa Kaitaba, Bukoba.

Ukiziweka ajali hizo mbili pamoja, kuna jambo linalouma. Mwaka 1996 watu walikufa ndani ya meli iliyokuwa imeelea kwa saa kadhaa. Mwaka 2022 walikufa ndani ya ndege iliyoonekana kutoka ufukweni, huku wananchi wakiivuta kwa kamba kwa mikono yao. Miaka ishirini na sita ilikuwa imepita, na bado tegemeo la kwanza la abiria aliyeanguka ziwani lilikuwa mvuvi aliyekuwa ameamkia dagaa. Wavuvi wale wanastahili kila sifa waliyopewa. Mji uliokuwa umeshaizika MV Bukoba ulistahili pia boti ya uokoaji, wazamiaji na zana zao.

Wanaoogopa ndege wamo katika kila nchi na kila kazi, tena miongoni mwao kuna majasiri ambao hakuna aliyethubutu kuwacheka. Mwaka 1960 bondia wa miaka 18 kutoka Louisville, Cassius Clay, nusura akose Olimpiki ya Roma kwa sababu hakutaka kuruka. Mtoto wa kocha wake wa kwanza, Joe Martin, alisimulia baadaye kwamba kijana huyo alinunua parachuti katika duka la vifaa vya zamani vya jeshi na kuivaa ndani ya ndege. Alirudi na medali ya dhahabu, akaja kujulikana kama Muhammad Ali, akaruka hadi Kinshasa kupigana mwaka 1974, na Februari 1980 akatua Dar es Salaam kama mjumbe wa Rais Jimmy Carter kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow. Tanzania haikushawishika. Ali kwa upande wake hakuacha kusafiri. Alikuwa ameamua kwamba Roma ilikuwa na thamani kuliko hofu yake.

Mwanasoka wa Uholanzi Dennis Bergkamp aliamua vingine. Mashabiki wa Arsenal wa Afrika Mashariki wanamkumbuka kwa miguso yake, na wanakumbuka pia mechi za ugenini za Ulaya alizokosa. Juni 1989 ndege ya Shirika la Ndege la Suriname ilianguka karibu na Paramaribo na kuua watu 176, wakiwemo wachezaji wengi wa Uholanzi wenye asili ya Suriname. Baada ya Kombe la Dunia la Marekani mwaka 1994, Bergkamp hakutaka tena kuruka. Mwaka 1998 mashindano yalikuwa Ufaransa, panapofikika kwa reli na barabara, na huko Marseille, dakika za mwisho dhidi ya Argentina, alifunga bao linalorudiwa kwenye televisheni hadi leo. Kombe la 2002 lilipangwa Japani na Korea Kusini. Bergkamp alistaafu timu ya taifa baada ya Euro 2000, iliyochezwa nyumbani kwao na Ubelgiji.

Mwimbaji Aretha Franklin, baada ya kurushwarushwa na hewa ndani ya ndege ndogo miaka ya 1980, alisafiri kwa basi mpaka mwisho wa maisha yake mwaka 2018, na Ulaya haikumwona tena jukwaani. Lakini alikuwa na basi lake. Bergkamp alikuwa na klabu iliyokubali masharti yake. Mchuuzi wa ndizi wa Kemondo hana anayempangia njia mbadala. Njia mbadala yake ni ile ambayo serikali imeijenga, au haikuijenga.

Kuiacha ndege nako kuna gharama, na hesabu yake imewahi kufanywa. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliacha ndege wakashika magari. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Gerd Gigerenzer alipochunguza takwimu za barabara alikadiria kwamba katika miezi kumi na miwili iliyofuata takriban watu 1,500 zaidi walikufa katika ajali za magari kuliko ambavyo ingetarajiwa. Walikimbia hatari ndogo inayoonekana kubwa, wakaangukia hatari kubwa iliyozoeleka. Kila msafiri wa Kanda ya Ziwa aliyewahi kukaa kiti cha mbele cha basi linalokimbizana na lingine usiku ataelewa.

Kwa hofu yenyewe, tiba ipo na inasaidia. Njia iliyothibitika ni kumrudisha mtu kwa kile anachokiogopa kidogo kidogo: kwanza aelewe ndege inavyofanya kazi na mtikisiko wa hewa unavyotokea, ajifunze kupumua taratibu mwili unapopiga kengele, kisha akae ndani ya ndege iliyosimama, mwishowe aruke akiwa na msindikizaji. Mwaka 2000 mtafiti Barbara Rothbaum wa Chuo Kikuu cha Emory huko Atlanta, akiwa na washiriki 49, alionyesha kwamba hatua hizo zinaweza kufanywa hata kwa picha za kompyuta zinazomzunguka mtu kama yumo safarini, na matokeo yakalingana na ya mazoezi ya ndege halisi. Kwa anayekosa mazishi ya mzazi au kazi kwa sababu hawezi kupanda ngazi za ndege, hiyo ni habari njema.

Tiba hiyo, hata hivyo, imejengwa juu ya dhana kwamba mfumo unaomzunguka abiria uko salama na kilichopotoka ni hisia zake. Kwa msafiri wa Ziwa Viktoria kazi ni mbili kwa wakati mmoja. Moyo wake unahitaji kutulizwa, na ziwa lake linahitaji kulindwa. Kumwambia apumue taratibu bila kumwonyesha boti ya uokoaji ni kumtibu nusu.

Na ulinzi huo, pole pole, umeanza kuonekana. Victoria ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kurejea kazini mwaka 2020. Meli kubwa mpya, MV Mwanza, yenye uwezo wa abiria 1,200, ilishushwa majini Februari 2023. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na jina la Rais John Magufuli, na mabasi yaliyokuwa yakilala foleni ya kivuko sasa yanavuka kwa dakika chache. Reli ya kisasa imeshafika Dodoma kutoka Dar es Salaam tangu 2024, na kipande cha Isaka hadi Mwanza, kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi mwaka 2021. Asiyetaka kabisa kuruka anaweza kuiona kesho ambayo atatoka Dar es Salaam kwa treni, afike Mwanza, kisha achague meli au daraja.

Katika mambo hayo yote, lililo dogo kwa fedha ndilo kubwa kwa maana. Kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, Tanzania na Uganda zimo katika mradi wa pamoja wa mawasiliano na usafiri salama wa Ziwa Viktoria, ambao ndani yake kuna kituo cha Mwanza cha kuratibu utafutaji na uokoaji. Kituo hicho kikikamilika na kupewa watu, boti na mafuta kila siku ya mwaka, Novemba ikiwemo, mvuvi hatabaki peke yake. Abiria wa Bukoba na Kemondo wanaweza kuanza kukipima leo kwa maswali rahisi gatini na uwanjani: jina langu limeandikwa? Jaketi la kuokolea liko wapi? Boti ya uokoaji iliyo karibu imeegeshwa wapi, na nahodha wake ni nani?